Nani Aandikwe Mlangoni?

Hapo zamani, zamani ya karibu tu ambayo mama zetu waliiona kwa macho yao, palikuwa na kituo cha afya huko Lupangilo, kwenye milima ya chai. Kituo kilikuwa na wauguzi watatu. Tumpe alikuwa mdogo wao, miezi sita tu kazini, na kazi yake ilikuwa kufunga vidonda. Mama Subilaga alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Mkubwa wao alikuwa Sista Bupe, muuguzi mfawidhi, mwanamke ambaye akipita koridoni hata wagonjwa hukaa vizuri.

Jumanne moja asubuhi Tumpe alikuwa akipanga bendeji. Akaingia mwanamume amembeba mtoto wa kike wa miaka minne. Mtoto aliitwa Lugano. Mwanamume aliitwa Ambakisye, baba yake wa kambo, aliyebaki naye tangu mama wa mtoto alipofariki. Lupangilo nzima ilimheshimu Ambakisye. Ndiye aliyefundisha kwaya, ndiye aliyesimamia mizani ya chai, ndiye aliyeitwa kwanza watu wakigombana. Tena alikuwa mdogo wake Sista Bupe, baba mmoja, mama mmoja.

"Pole na kazi, mwanangu," Ambakisye akamwambia Tumpe. "Huyu mtundu kapindua sufuria ya maji ya chai. Mpake dawa tuondoke."

Tumpe akafunua kanga. Miguu yote miwili ilikuwa imeungua, toka nyayo hadi juu kidogo ya vifundo. Akatazama. Akatazama tena. Maji ya moto yakimwagika hurukaruka, huacha tone hapa na mchirizi pale. Miguuni mwa Lugano hapakuwa na tone wala mchirizi. Kidonda kiliishia kwenye mstari ulionyooka, kulia na kushoto sawasawa, utadhani mtoto amevaa soksi.

"Lugano, ulikuwa umesimama wapi?" Tumpe akauliza taratibu.

"Alikuwa jikoni," Ambakisye akajibu.

"Lugano, ulikuwa na nani?"

"Alikuwa peke yake."

"Lugano, wapi panauma zaidi?"

"Miguuni, kwani huoni?"

Mtoto akamtazama Ambakisye. Hakulia hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Tumpe mashaka zaidi. Akampa dawa ya maumivu, akamfunga miguu, akasema, "Baba, mtoto atalazwa."

"Kwa kuungua miguu tu?"

"Atalazwa, baba."

Kisha akatoka. Kutoka chumba cha vidonda hadi ofisi ya Sista Bupe ni hatua kumi na nane, na Tumpe alizihesabu zote. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Alijua anakwenda kumshtaki nani, na kwa nani. Mlangoni akasimama, akavuta pumzi, akaingia.

"Sista, Lugano hakumwagikiwa na maji. Aliingizwa ndani ya maji, akashikiliwa humo."

Sista Bupe akaweka kalamu mezani. "Unajua Ambakisye ni nani kwangu?"

"Najua, Sista."

"Na bado umekuja."

"Nikinyamaza, mtoto huyu nitamfunga tena. Na safari ijayo huenda nisimfunge, nimfunike."

Mama Subilaga alikuwa kwenye kabati la rejesta, akisikia yote. Akavuta kiti, akakaa.

"Bupe, mwanangu, mimi nina kosa," alisema. "Mwaka jana, mwezi wa sita, nilimfunga Lugano mkono. Ulikuwa umevunjika kwa kusokotwa. Niliona. Ambakisye akaniambia mtoto alianguka, nami nikaandika 'alianguka.' Nilimwogopa, na nilikuonea haya wewe. Rejesta hii hapa. Andika na langu."

Sista Bupe akainuka. Akaenda mwenyewe kuitazama miguu ya Lugano, akamhamishia wodini na kumwacha Ambakisye benchini. Akarudi. Akainua simu, na sauti yake ilisikika hadi benchi la wagonjwa.

"Ustawi wa jamii? Hapa ni Lupangilo. Nina mtoto ninayeshuku anateswa. Mshukiwa anaitwa Ambakisye. Ndiyo, ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Ndiyo maana napiga mimi mwenyewe, asije mtu akasema nilificha. Njooni na polisi. Na uchunguzi asimamie mtu mwingine, mimi nisiuguse."

Ambakisye alikuwa ameshasikia. Akaja mbio wodini kumchukua mtoto. Akamkuta dada yake amesimama mlangoni, mikono ameitanua kwenye fremu.

"Dada, mimi ndiye wa kunifanyia hivi?"

"Lugano haondoki hapa."

"Mama atasema nini?"

"Lugano haondoki hapa, Ambakisye."

Tumpe alikuwa nyuma ya Sista Bupe. Aliona ile mikono haikushuka hadi gari la polisi lilipofika.

Kesi ilichukua miezi saba. Wanakwaya walimwita Tumpe nyoka, na wapo waliopita na vidonda vyao wakaenda kituo cha mbali ili asiwaguse. Mbele ya hakimu alieleza ule mstari wa kidonda, akauchora kwenye karatasi, na wakili wa Ambakisye hakupata pa kumshika. Akasimama Mama Subilaga.

"Kwa hiyo uliandika uongo?" wakili akamuuliza.

"Niliandika nilichoambiwa. Leo nasema nilichokiona."

Hakimu alisema ushahidi wa ule mkono uliovunjwa ndio uliomfanya aamini kuwa maji hayakuwa ajali. Ambakisye alifungwa. Mama Subilaga alipewa barua ya onyo katika mwaka wake wa mwisho kazini, akaipokea kwa mikono miwili. Sista Bupe alikwenda kumsalimia mama yake, na mama yake akamfungia mlango. Lugano akachukuliwa na bibi mzaa mama. Miguu ikapona, na siku ya kliniki alipoingia akikimbia, akapiga kelele mpaka akakemewa, wauguzi wote watatu walitoka nje kumtazama.

Tangu hapo mtu wa Lupangilo aliinua kidevu. Wauguzi wa vituo vingine waliletwa pale kufundishwa ishara za mtoto anayeteswa, na Tumpe, yule yule aliyeitwa nyoka, ndiye aliyewafundisha. Wanakijiji wakafyatua matofali, wakajenga wodi ya watoto. Ikabaki kuandika jina mlangoni. Mlango ni mmoja na kibao ni kimoja. Wakaitana mkutanoni.

Tumpe akasimama wa kwanza, na hakuona aibu. "Ule mstari niliuona mimi. Watu wazima kumi wangemtazama mtoto yule wakaona sufuria iliyopinduka. Nisingeona, leo tungekuwa na kaburi."

"Uliona," akajibu mama mmoja, "lakini maneno yako yangefia ofisini kama Bupe angetaka yafe."

Sista Bupe akasema kwa ufupi. "Ninyi mlishtaki mtu. Mimi nilimshtaki ndugu yangu. Ninyi mna kwenu pa kurudi. Mimi kwa mama yangu sifunguliwi."

"Lakini sheria ilikuamuru uripoti," mzee mmoja akasema. "Tumtukuze mtu kwa kutii sheria?"

Mama Subilaga alikuwa wa mwisho. "Mimi nilinyamaza mwaka mzima, na miguu ile iliungua kwa sababu ya kunyamaza kwangu. Kosa hilo silifichi. Lakini nani mwingine hapa alisimama mahakamani akajishtaki mwenyewe? Hakimu aliamini kwa sababu yangu. Liandikeni jina langu, kila muuguzi akilisoma ajue kuwa aliyechelewa bado anaweza kusema."

Mkutano ukalipuka. Wengine wakasema aliyeona. Wengine wakasema aliyefungiwa mlango na mama yake. Wengine, tena si wachache, wakasema aliyeungama. Bibi yake Lugano alipoulizwa, alilia tu, akawashika mikono wote watatu.

Fundi amekwisha kupaka kibao rangi nyeupe, na brashi anayo mkononi. Anasubiri jina moja. Haya, ninyi mliokaa mkasikiliza, mwambieni: kati ya aliyeona, aliyekiri na aliyeripoti, je, nani alistahili?