Fisi na Majani Matatu ya Hoja

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mto ukageuka njia ya kupitia. Nyika nzima ilibakiwa na kisima kimoja, alichokichimba Mama Mhanga kwa kucha zake, peke yake, huku wenzake wakimcheka. Kilipotoa maji tu, Fisi akaja, akajilaza pembeni yake, akatangaza kuwa ni chake. Watoto wa Mhanga wakabaki kulamba mawe.

Kesi ikafika kwa Simba. Simba alikuwa na amri moja aliyoipenda kuliko manyoya ya shingo yake: hoja ziandikwe kwenye majani ya mkuyu, matatu kwa kila upande, basi. Chanzo chake ni Nyani na Ngedere waliogombea papai. Hoja zao zilisomwa mpaka papai likaoza, na Simba akakoroma mbele ya raia zake. Aibu ile hakuisahau.

Lakini Fisi lini aliwahi kutosheka na fungu lake? Aliunganisha majani kwa utomvu, akayakunja vizuri, kila fungu likaonekana jani moja.

Siku ya kesi akalikunjua la kwanza, akakunjua tena, likawa kubwa kama mkeka.

"Jani gani hilo?" Simba akanguruma.

"La mkuyu, Mtukufu. Mkuyu wa kwetu umenenepa."

Mhanga akamshika Sungura, wakili wake. "Mpinge, baba! Wanangu wanakufa kiu!"

"Nikimpinga ataambiwa akapunguze, arudi siku nyingine," Sungura akanong'ona. "Mwache amwage yote." Kisha akapaza sauti: "Hatuna pingamizi, Mtukufu. Asome."

Fisi akasoma. Kisima alikichimba mwenyewe, mwezi wote wa kwanza wa kiangazi, bila kupumzika. Hoja yake iliishia hapo, ila majani yalikuwa bado, na yote alikuwa ameyajaza. Akasifia mbio zake, meno yake, ukoo wake mpaka kwa babu wa babu. Simba akaanza kupiga miayo. Kwenye jani la tatu Fisi akalegeza sauti kwa utamu:

"Na tumbo langu halina mfano! Mwezi wa kwanza wa kiangazi hiki niliumaliza ng'ambo ya milima, ndani ya mzoga wa tembo, wala sikutoa kichwa mpaka mfupa wa mwisho."

Miayo ya Simba ikakatikia njiani.

Sungura alilikunja jani lake moja bila kulisoma. "Mtukufu, mwenzangu amekwisha kunisemea."

"Kipande hicho kifutwe!" Fisi akalia. "Kimezidi!"

"Najua kimezidi," Simba akasema. "Ungetii amri yangu, ungekiandika wapi? Kisima ni cha Mhanga. Na wewe, usiniachie takataka barazani. Kula hoja zako."

Fisi akatafuna mkeka wa kwanza. Utomvu ukamganda menoni, taya zikashikana. Mhanga na wanawe wakampita mbio kwenda kunywa, naye akataka kukata rufaa, ikatoka "mmh" tu.

Ndiyo faida ya kutojua pa kuishia. Uongo wake ulikuwa salama kwenye jani la kwanza. Aliuchoma mwenyewe kwenye la tatu.