Mwimbaji Aliyekaa Safu ya Mwisho

Kisa hiki nimetumiwa asubuhi na rafiki yangu, nikaona si vizuri kubaki nacho peke yangu.

Katika mji mmoja wa pwani palikuwa na ukumbi wa muziki wa zamani sana. Dari yake ilikuwa juu, milango imechongwa kwa mkono, na jukwaa limetengenezwa kwa mbao za mvule. Ukiutaja ukumbi ule, watu walimtaja Bi Mwajabu, mwimbaji wa taarabu aliyeimba pale tangu usichana wake.

Siku moja manispaa ikamleta mhandisi aitwaye Tunu ili aukarabati. Tunu akaeleza mpango wake mbele ya wenyeji. Jukwaa na milango havitaguswa. Ila kuta zitawekwa vibao vya kumeza mwangwi, nguzoni zitafichwa spika ndogo, na taa mpya zitaendeshwa kwa kompyuta.

Bi Mwajabu akasimama.

"Ukumbi huu una sauti yake. Mkiingiza mitambo, mtaiua. Na mimi sitaimba humo tena."

Watu wakaanza kunong'onezana. Bila Bi Mwajabu, nani angekuja? Mwenyekiti wa mkutano akaamua kazi isianze mpaka bibi aridhike.

Wenzake Tunu walimshauri alete wataalamu wambane bibi kwa hoja. Akakataa. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa bibi.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kunibembeleza, utachoka."

"Sikuja kukubembeleza. Nina ombi moja. Jumamosi aimbe mwanafunzi wako, Riziki. Wewe ukae usikilize tu."

"Hilo tu? Nitakuja."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Bi Mwajabu akaelekea safu ya mbele. Tunu akamshika mkono kwa adabu, akampeleka hadi safu ya mwisho kabisa, karibu na ukuta.

Riziki akaanza. Ulikuwa wimbo ambao Bi Mwajabu aliupenda kuliko zote alizotunga. Lakini pale alipokaa, maneno yalifika yamevurugika, moja limepanda juu ya jingine. Hata sura ya Riziki hakuiona vizuri, kiza kitupu. Akainama, akatega sikio. Wapi!

Wimbo ulipokwisha, watu wa mbele wakapiga makofi. Wa nyuma nao wakapiga.

Bi Mwajabu akamgeukia fundi viatu mmoja aliyekaa kando yake, Mzee Chambuso.

"Umesikia alichoimba?"

"Hapana, Bi. Huku hatusikii. Tukiona wa mbele wanapiga makofi, na sisi tunapiga."

"Na nilipokuwa naimba mimi?"

Mzee Chambuso akamjibu kwa upole. "Tulikuwa tunakuja kwa sababu tunakupenda."

Machozi yakamlengalenga Bi Mwajabu. Miaka yote ile alikuwa akiusikiliza ukumbi akiwa jukwaani. Hakuwahi hata mara moja kukaa huku. Kisha akainuka, akasema kwa sauti iliyosikika na kila aliye karibu:

"Mwanangu Tunu, anza kazi. Na uanzie huku nyuma."

Kazi ikafanyika. Siku ya ufunguzi Bi Mwajabu alipanda jukwaani akiwa amevaa vizuri kama bi harusi. Taa ziliwaka, naye kwa mara ya kwanza akaziona nyuso zote hadi ukutani. Akaimba wimbo wake ule ule, kwa utulivu, bila kujikamua koo.

Alipomaliza, Mzee Chambuso alipenya katikati ya watu mpaka jukwaani, uso umemchanua.

"Bi Mwajabu, wimbo huu umenigusa moyo! Umeutunga lini?"

Bi Mwajabu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nimeuimba humu tangu nywele zangu nyeusi, Mzee Chambuso. Leo ndiyo umekufikia."

Funzo: Ukitaka kujua kama kazi yako inawafikia watu, usiwaulize waliokaa mbele. Shuka jukwaani, ukakae na wa nyuma. Na ukigundua hawakusikii, usione aibu kubadilika.