Mifupa ya Jina

Sogeeni karibu, nimechoka, sitaki kupaza sauti. Kisa hiki kimenishinda, basi nisaidieni.

Tatu alikuwa mpiga picha aliyejua mwanga. Lali alijua kompyuta. Mwalimu Shee alisoma maandishi ya Kiarabu ya mawe ya kale, hata yaliyochongwa ovyo.

Bi Mwanamize, mkongwe wa mtaa wao, alimwombea dua mamake, Jamila, kaburini kila Ijumaa tangu ujana. Uzeeni akaambiwa huenda kaburi silo. Palikuwa na la pili kando ya ukuta, na mawe yote mawili yameliwa na chumvi. Alitaka kujua mapema, azikwe ubavuni mwa mamake, akawaita hao watatu.

Tatu akayalowesha mawe, akangoja jua liiname ili herufi zitupe vivuli, akapiga picha za kijivu tupu. Mwingine angeona madoa tu.

Lali akaiagiza kompyuta imenye weusi wa kila herufi ya picha hizo kutoka pembeni, tabaka baada ya tabaka, bila kuikata, hadi ubaki mstari mwembamba kama uzi. Akampigia bibi simu. "Mifupa imetoka."

"Nani kakuruhusu kumfukua mamangu?"

"Mifupa ya herufi, bibi."

Alilia kwanza, ndipo akaelewa.

Mwalimu Shee akasoma, akakwama. "Nukta ziko wapi? Jamila bila nukta si jina la mtu." Kompyuta ilikuwa imezifagia ikidhani ni uchafu. Lali akazirudisha, Mwalimu akasoma tena. Jamila alikuwa kwenye kaburi la kando ya ukuta.

"Kumbe nimemlilia mama wa watu," akasema Bi Mwanamize. "Haidhuru, naye kapata dua."

Sasa, kwake shukrani ni kwenda mwenyewe, kubisha hodi na kushika mkono. Ya simu haihesabiwi. "Lakini miguu yangu imebakiza nyumba moja," akasema. "Baada ya hapo ni kubebwa."

Tatu akasema, "Bila picha, Lali angemenya nini?"

Lali akasema, "Bila mimi, Mwalimu angesoma madoa."

Mwalimu Shee akasema, "Bila nukta, bibi angezikwa kwa mgeni."

Wote wamesema kweli, na hilo ndilo linalonichosha. Bi Mwanamize ameshavaa buibui, yuko kizingitini, anauliza ashike njia ipi. Je, nyinyi mngemwelekeza kwa nani?