Wadudu wa Ngoma ya Kiangazi

Hapo kale, ile kale ambayo wanyama walijenga nyumba, wakapika, wakanuniana kama majirani wengine wote, palikuwa na kijiji kimoja chini ya majabali. Kaa vizuri, wewe wa nyuma. Mimi sirudii.

Kijiji hicho kilikuwa na jambo moja la kujivunia, nalo ni ngoma ya kiangazi. Mtama ukishavunwa na mabua yakakauka, kila mtu alitoka. Nasema kila mtu. Vikongwe walibebwa pamoja na viti vyao, wachanga walibebwa mgongoni, ndege kanga walichorana madoa meupe, nguchiro waliigiza michezo ya kuchekesha, na asiyejua kucheza alipiga makofi. Kwa siku tatu hakuna aliyeulizwa umri wake.

Mpigaji alikuwa Bwana Pimbi. Mnamjua pimbi? Kadogo, ukikaweka kikapuni nafasi inabaki. Lakini ngoma aliichonga mwenyewe, kubwa kuliko yeye, na ngozi akaiwamba mwenyewe. Msiniulize ilikuwa ngozi ya nani. Hadithi ina adabu zake.

Alikuwa na pigo lake ambalo hakuna mwingine aliyelipiga. Ti-ki, ti-ki, kisha ananyamaza kidogo, mpaka unadhani amesahau, ndipo mkono wa kushoto unashuka: ndu! Hiyo ndu ndiyo iliyowainua hata wenye miguu mibovu.

Sasa kiangazi kimoja Bwana Tembo, mwenye nguvu kuliko wote, alikuwa akizunguka uwanjani kwa mbwembwe, akajikwaa, akaenda chini, puu! Vumbi lilipotua, watu wakacheka. Naye akainuka, akajipangusa, akaenda zake bila kuaga.

Masika yaliyofuata Bwana Pimbi aliugua kifua, akafa. Matanga hayajaanuliwa, Bwana Tembo akaja kwa mjane akasema ngoma ya kijiji haifai kukaa kwenye nyumba dhaifu, itaibiwa. Akaichukua, akaitia chumba kimoja nyumbani kwake, akafunga kwa kufuli. Kiangazi kilipofika akatangaza kwamba ngoma hakuna tena, maana wadogo watakanyagwa. Walikuwa wakicheza tangu enzi za babu zao na hajakanyagwa mtu, lakini nani atamwambia Tembo?

Vikapita viangazi vitatu. Mtama ulivunwa, ukaanikwa, ukapukuchuliwa, watu wakaingia ndani wakafunga milango. Kanga waliacha kuchorana. Ulikuwa ukipita uwanjani unakuta magugu tu.

Bi Pimbi alikuwa na mtoto wa mwisho, Kitinda, aliyezaliwa baba yake ameshazikwa. Mtoto huyo alikuwa hachoki kuuliza. Kila jioni alimletea mama yake kibuyu, amwoneshe baba alikuwa akipigaje. Mama anapiga, ti-ki, ti-ki, ananyamaza, kisha anashusha mkono wa kushoto. Kibuyu kinatoa kijisauti kama mtu aliyegonga sahani.

"Ndiyo hiyo ndu?" Kitinda anauliza.

"Hapana, mwanangu. Siyo hiyo."

"Basi ikoje?"

Utamweleza vipi mtoto sauti? Mama alikuwa akigeukia chungu, akakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa, na machozi yakimtoka anasema ni moshi. Alimlilia mumewe, hilo halina siri. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye alikuwa ameanza kuisahau ile sauti. Alijua kiangazi hiki kikipita hivi hivi, hatakuwa na cha kumrithisha mtoto.

Basi asubuhi moja Bi Pimbi akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Bwana Tembo, akapiga hodi.

Walipomaliza kuamkiana hakusema neno la ngoma hata kidogo. Alimtazama Bwana Tembo masikio, akatikisa kichwa, akatazama tena, akaguna.

"Una nini wewe?" Bwana Tembo akauliza.

"Hakuna kitu, bwana. Nilikuwa naangalia tu kama wameshafika."

"Kina nani?"

Hapo Bi Pimbi akaketi, akamweleza taratibu, kama mtu asiyependa kuleta habari mbaya. Kwamba ngozi ya ngoma hupashwa moto kila kiangazi, na jambo hilo kila mtu analijua. Lakini wachache wanajua kwa nini. Isipopashwa, huingia wadudu, wadogo sana, usipoinama huwaoni. Wanakula ngozi pole pole. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Mwaka wa tatu ngozi imekwisha, nao wanatoka kutafuta ngozi nyingine iliyo pana, nyembamba, iliyowambwa vizuri.

Bwana Tembo akayashika masikio yake. "Nyingine kama ipi?"

"Mimi sijui, bwana. Naona tu ngoma iko chumba kimoja, nawe unalala cha pili."

Jamani, hofu! Mtu mkubwa anaweza kupigana na simba, lakini mwambie kuna mdudu sikioni uone. Papo hapo sikio la kushoto likaanza kumwasha. Akajikuna. La kulia nalo likajibu. Akauliza dawa yake ni nini.

Bi Pimbi akasema dawa ni ile ile ya zamani. Ngoma itolewe nje, ipashwe moto wa mabua, kisha ipigwe. Wadudu hawavumilii mlio, wataanguka chini. Bwana Tembo hakungoja aambiwe mara mbili. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, akalivunja kwa mkonga.

Ngoma ilipotoka imejaa utando wa buibui, Bi Pimbi alijikaza. Akaifuta kwa upindo wa kanga. Akawasha mabua, akaigeuza geuza motoni huku akiigusa ngozi kwa viganja, kama alivyomwona mumewe akifanya, mpaka ikakaza.

Ti-ki, ti-ki.

Mlango wa kwanza ukafunguka kijijini. Kisha wa pili.

"Wameanguka?" Bwana Tembo akauliza.

"Wanaanguka, bwana. Lakini wakiachwa hapo chini watapanda miguuni. Inabidi wakanyagwe."

Bwana Tembo akaanza kukanyaga, di! di! Ua wote ukatikisika. Bi Pimbi akaendelea kupiga, akasema anakanyaga vizuri sana, ila wayo wake ni mpana, wadudu wanakimbilia kwenye nyufa. Hapo inatakiwa miguu myembamba. Nyayo ndogo kabisa, za watoto. Na nyayo za wazee pia, maana wanakanyaga polepole, hawaruki mahali.

"Basi waite!" Bwana Tembo akasema, akijikuna masikio yote mawili. "Unangoja nini? Waite wote!"

Mnamsikia? Yule yule aliyesema wadogo watakanyagwa.

Hawakuhitaji kuitwa. Walishajaa langoni. Kitinda mbele, nguchiro na watoto wao, kanga mmoja ameshajichora upande mmoja, na Bi Kobe, mkongwe kuliko wote, aliyekuwa ameanza safari tangu ti-ki ya kwanza ndipo anafika. Wakaingia, wakakanyaga. Kukanyaga kukawa na mpangilio, mpangilio ukawa duara, na Bwana Tembo katikati yao anazunguka, macho yameanza kufumba, mkonga unayumba. Alikuwa amesahau hata kujikuna.

Kitinda alikuwa ameinama anatazama ardhi. Mtoto mwenye bidii, alitumwa kukanyaga wadudu, anatafuta wadudu. Akainua kichwa akasema kwa sauti ya wazi kabisa:

"Mama, mbona sioni mdudu hata mmoja?"

Ngoma ikanyamaza. Miguu ikasimama. Bwana Tembo akafumbua macho, akaitazama ardhi, akawatazama watu, akamtazama Bi Pimbi. Nawaambia, hata moto wa mabua ulisikika.

Bi Pimbi angeweza kukimbia, ni mwepesi. Hakukimbia.

"Wadudu hawapo," alisema. "Hawajawahi kuwapo. Mtoto huyu hakumwona baba yake, bwana. Nilitaka amsikie, walau mara moja. Nimekudanganya. Ukitaka kuifunga tena, ifunge."

Bwana Tembo aliponena, sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Mlinicheka siku ile."

Wengi walitazama chini. Bi Kobe ndiye aliyejibu, na umri wake ulimruhusu.

"Tulikucheka, ndiyo. Ulianguka kwa kuchekesha, mwanangu, nitakudanganya? Tukacheka, tukakungoja uinuke tuendelee. Tumekungoja mpaka leo."

Bwana Tembo akaitazama ngoma. Ilikuwa bado inafuka moshi kidogo pembeni. Kisha akainua mkonga wake polepole, akalikuna sikio la kushoto.

"Hili bado linaniwasha," akasema. "Piga, Bi Pimbi."

Hapo hakuna aliyekuwa mjinga, wote walijua hakuna kinachowasha. Bi Pimbi akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Akapiga. Ti-ki, ti-ki. Akanyamaza, akanyamaza mpaka watu wakadhani amesahau. Kisha mkono wa kushoto ukashuka.

Ndu!

Ua mzima ukainuka. Bwana Tembo akazunguka, akajikwaa, akaenda chini, puu, na safari hii yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Kitinda hakucheza. Alisogea akaweka viganja vyake kwenye ubao wa ngoma, akaacha mlio umpande mikononi mpaka kifuani. Akauliza kama ndivyo alivyokuwa akipiga baba.

"Ndivyo," mama akasema, "ila mkono wake ulikuwa mzito kidogo kuliko wangu." Machozi yalimshuka mbele ya watu wote, naye hakusingizia moshi. Akampa mtoto nafasi, akamshika mkono wa kushoto, akamfundisha kungoja.

Walicheza siku tatu, na kiangazi kilichofuata pia, na kufuli halikununuliwa jingine. Hadithi imefika mlangoni, nami nainuka, magoti yameniuma. Ila shikeni hili: furaha ya wote ikifungiwa chumbani mwa mmoja, hata mwenye ufunguo huikosa.