Kiti cha Odette

Haraka haraka haina baraka. Kila mtu anaijua methali hii, na wengi huitamka huku wakikimbia. Fabien wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, alikuwa mmoja wao.

Mkewe Odette, mshonaji hodari, alikuwa amepooza miguu. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu iendeshwayo kwa mikono, hadi kiti chake cha plastiki nyeupe kilipopasuka na pande zima likamong'onyoka. Tangu hapo alibebwa mgongoni kwenda sokoni, akiona aibu. Fabien alitia kiraka cha pipa la plastiki la buluu, akakiyeyushia hapo kwa kisu cha moto, kama wafanyavyo mafundi wa kambini. Kikabanduka siku hiyo hiyo, kwa kuwa plastiki zile hazikuwa za aina moja.

Akakipeleka kiti Lilongwe pamoja na viraka viwili vipya vya pipa lile, kwenye karakana alikofanya kazi Arlène, mpwa wake. Arlène alikibana kiti na kiraka pamoja kwenye jiliwa, kibanio cha chuma, kisha akateremsha kijiti butu cha chuma kilichozunguka kwa kasi. Hapakuwa na moto wala moshi. Msuguano peke yake uliilainisha plastiki, na kijiti kikasogea polepole kikikoroga nyeupe na buluu kama mwiko kwenye nsima, ugali wa huko. Fabien aliduwaa. Maisha yake yote alijua kwamba kuunga ni kuchoma. Sasa machozi yalimlenga.

Lakini basi la Dowa, la kumrudisha kambini, lilikuwa karibu kuondoka. Arlène alipogeuka kuzima mashine, Fabien akaumwagia mshono maji baridi ili upoe upesi, kama alivyozoea kambini. Ukaalika, ukafunguka wote.

Arlène hakumgombeza. "Tonton," alimwambia mjomba wake, "hii plastiki mbili haiko ndugu." "Ukiimwangia maji, kila moja inajikunja kivyake. Uiache ipowe yenyewe, izoeane."

Kiraka kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Wakaanza upya, na safari hii Fabien akaketi mbele ya jiliwa, mikono katikati ya magoti. Basi likaondoka. La pili nalo likaondoka. Hakuinuka mpaka mshono ulipopoa kabisa.

Kesho yake Odette alikalia kiti kile, akajitikisa kwa nguvu huku mumewe akizuia pumzi. Mshono haukulia.

"Leo mi sibebwi na muntu," alisema, akashika njia ya sokoni, akawapita hata waendesha kabaza, baiskeli za kubebea abiria. Fabien alimfuata nyuma kwa miguu, taratibu, maana alikwisha kuyaona kwa macho yake: haraka haraka haina baraka.