Kinyozi Aliyegawa Matone Yake

Jicho likiibiwa halilii. Mmeisikia leo mkacheka, na mwerevu mmoja kati yenu akauliza kama mwizi huyo huingilia kwenye kope au kwenye nyusi. Kaeni. Methali hii ilizaliwa Korogwe, kwenye kiti cha kinyozi, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kinyozi mwenyewe ni Mzee Shemndolwa. Mtaani kwake kila kichanga kilichotimiza arobaini kilinyolewa naye. Wembe ulipita juu ya utosi laini huku mama akiendelea kupiga soga. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo, wala hakutaka nyingine.

Mwaka mmoja daktari alimpima akamkuta na presha ya macho. Akampa kichupa cha dawa: tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yake yote.

"Usingoje maumivu, Mzee. Ugonjwa huu hauumi. Unakula macho polepole kuanzia pembeni."

Mzee akaitikia vizuri sana. Kuitikia hakujawahi kumshinda.

Kisha ukaingia ugonjwa wa macho mekundu. Watu walifika kibandani wakibubujikwa na machozi, naye, muungwana kupita kiasi, akawaegemeza kitini na kuwatilia matone yake. Dawa ile haikuwa ya ugonjwa wao. Macho yao yalipona yenyewe, lakini sifa akapewa kinyozi, na wagonjwa wakaongezeka.

Bintiye, Mwantumu, akakuta kichupa kikavu.

"Baba, imekwisha tena? Wewe umetia lini?"

"Nitie ya nini? Jicho la Mama Shangwe linalia mpaka kanga imelowa. Langu limetulia tuli. Ukiwa na watoto wawili, mmoja analia na mwingine amelala, utamnyonyesha yupi?"

Upumbavu nao huvaa kanzu ikapendeza.

Mzee akaanza kugonga bega kwenye mwimo wa mlango, akamlaumu seremala. Akamkanyaga kuku, akasema kuku wa siku hizi hawana adabu.

Ikafika arobaini ya mjukuu wa Bi Mwanahawa. Bibi akampakata mtoto, wembe ukaanza kazi. Upande wa kulia ukatoka safi. Upande wa kushoto, mtoto akapiga yowe.

"Shemndolwa! Sikio la mtoto!"

"Sikio lipi?" akauliza mzee, wembe bado mkononi.

Damu ilikuwa ikichuruzika kwenye kitenge, hapo hapo mbele yake, naye alikuwa akiitafuta.

Bi Mwanahawa akamnyang'anya wembe. "Huoni, mwenzangu?"

"Naona. Nakuona wewe."

"Na mtoto je?"

Mzee akageuza kichwa huku na huku, akimtafuta.

Sikio lilishonwa. Macho hayakushoneka.

"Kilichokwenda hakirudi, Mzee," daktari alimwambia. "Dawa ilikuwa ya kulinda. Sasa tulinde hicho kidogo kilichobaki."

"Lakini hayakuniuma hata siku moja!" mzee alifoka walipofika nyumbani. "Kama yalikuwa yanakwisha, si yangelia?"

Mwantumu akamwinua kidevu, akamtilia tone.

"Jicho likiibiwa halilii, Baba."

Tangu hapo hakukosa jioni hata moja, akilinda upenyo uliotosha kuona uso mmoja tu kwa wakati mmoja. Nyuso zilizompitia zilikuwa za watu wazima waliokuja kumjulia hali. Hakuna mama aliyempelekea tena kichanga.

Haya, aliyeuliza habari za kope na nyusi, aseme sasa, na asiseme kwa kicheko: jicho likiibiwa halilii.