Mkate Uliotangulia Swali

"Eliya hakuhubiriwa, alipikiwa."

Ndivyo wasemavyo wazee wa Ivundwe, juu kabisa katika milima ya Upare, na ndivyo Bibi Navoneiwa alivyowaambia vijana wa kwaya bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake wa maharage. Walikuwa wamepita kwake kuaga. Mwenzao Elisante, mwenye besi nzito kuliko wote, hakuonekana mazoezini tangu alipomuuguza baba yake hadi akamzika, nao walikuwa njiani kwenda kumpa ukweli wake.

"Bibi, Eliya huyo alipikiwa na nani?" akauliza Tumsifu, kiongozi wao. "Sisi tunakwenda kuonya, hatuendi kulisha."

"Kaeni kwanza. Midomo yenu imetangulia miguu. Methali hii ilianza hivi."

Kabla barabara haijafika Ivundwe, kanisa la kijiji lilikuwa mikononi mwa mwinjilisti mmoja, Yonazi Mrutu. Mchungaji aliishi bondeni, akipanda mlimani kwa nadra, kubatiza na kuandaa Meza ya Bwana. Yote mengine yalimwangukia Yonazi. Yeye ndiye aliyegonga rimu ya lori iliyotumika kuwa kengele, yeye ndiye aliyefundisha, aliyezika, na aliyewaamua waliogombea maji ya mfereji.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, likakauka na kupasuka kama kisigino. Njaa ikaingia, na nyuma ya njaa yakaja maradhi. Yonazi akazika watoto, akazika wazee, akawa hata kuosha jembe la makaburi haoshi tena, kwa kuwa kesho lingehitajika. Kisha mkewe Naelijwa akafariki. Mchungaji alikuwa mgonjwa, hakuweza kupanda. Basi Yonazi alimzika mkewe mwenyewe, akaongoza wimbo, akatupa udongo, akatamka maneno ya kaburini kwa sauti ile ile aliyowatamkia wafu wa wengine. Watu wakarudi makwao wakisifu, "Huyu kweli ni mtu wa imani." Pole hawakumpa. Walikuwa wamezoea kuipokea kutoka kwake.

Baada ya hapo aliwakusanya wote kwenye ukingo wa ndiva, wakafunga na kuomba. Na mvua ikaja! Ikaja na ngurumo, ikajaza mifereji, ikawatoa watu majumbani hadi mashambani wakiimba. Kila mmoja alikimbilia mbegu zake. Yonazi alirudi nyumbani akiwa amelowa, akaketi kitandani, akagundua kwamba hana nguvu hata ya kuvua koti. Watu walikuwa wamepata mvua. Yeye alikuwa amebaki na nyumba yenye jiko la majivu.

"Bwana, mimi nimefika mwisho," aliomba. "Nichukue nami."

Jumapili rimu haikulia. Jumapili iliyofuata haikulia pia. Watu walisimama mlangoni pa kanisa, wakatazamana, wakatawanyika. Wengi walikasirika. Angeanguka wakati wa njaa, wangemwelewa. Lakini kuanguka baada ya mvua, baada ya kujibiwa maombi, hiyo waliiita kumdharau Mungu.

Ivundwe ilikuwa na desturi ya onyo. Aliyeacha ibada alitembelewa na wajumbe, nao hawakunywa maji ya nyumba hiyo wala kugusa moto wake, wasije wakalainika. Walisoma neno, wakauliza swali moja, wakangoja toba. Asiyetubu aliondolewa katika utumishi.

Kwa Yonazi walikwenda wawili, Mzee Kiangi, ambaye akikohoa mbuzi hutoka shambani, na Mama Nakiete, mjane wa makamo. Walimkuta kitandani, koti bado mwilini. Juu ya kigoda alikuwa ameweka ufunguo wa kanisa.

"Bwana asifiwe, mwinjilisti," alisema Mzee Kiangi.

"Amina. Ufunguo huo hapo. Chukueni mwende."

"Hatukuja kuchukua ufunguo, tumekuja na neno." Mzee alifungua Biblia mahali alipokuwa ameweka unyoya wa kuku, akasimama wima. "Nabii Eliya alikuwa amejificha pangoni. Sauti ya Mungu ikamuuliza: Unafanya nini hapa, Eliya? Nami nakuuliza, Yonazi. Unafanya nini hapa, na kanisa limefungwa?"

Yonazi alisikia maneno hayo yakimpita kama maji juu ya jiwe. Alikuwa amewahi kuyahubiri yeye mwenyewe. Alitaka tu waondoke, alale, asiamke. Lakini miaka mingi ya kufundisha ina ukaidi wake, na mdomo ukajibu kabla hajauzuia.

"Sura hiyo umeianzia katikati, mzee."

"Nini?"

"Umeianzia pangoni. Anza juu."

Mzee Kiangi alivimba. Kurekebishwa na mtu anayeonywa! "Nianze juu? Naanza juu!" Akarudisha ukurasa, akasoma kwa hasira jinsi Eliya alivyoleta mvua, jinsi malkia alivyoapa kumuua, jinsi alivyokimbilia jangwani, akaketi chini ya mti wa mretemu, akaomba afe. Hapo sauti ya mzee ikapungua kidogo. Akatazama koti lililokaukia mwilini mwa Yonazi, akaendelea. Eliya akalala. Malaika akamgusa. Na kando ya kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji.

Kidole cha mzee kikasita hapo.

"Endelea," alisema Mama Nakiete.

"Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili. Akamlisha tena." Kidole chake kilishuka polepole kwenye ukurasa. "Mama Nakiete, hilo swali liko mbali. Liko huku chini kabisa."

"Naona."

"Kwa hiyo hakumwonya?"

"Unasoma wewe, baba. Mimi nasikiliza."

Mzee Kiangi aligeuka, akaona majivu ya jiko yaliyopoa. Nyumba ile haikuwa na hata harufu ya moshi. Akafunga Biblia. "Hebu nenda ukampikie."

"Malaika alimtuma mke wa nani?" alijibu Mama Nakiete. "Unga nitaleta. Moto washa wewe."

Hivyo mjumbe wa onyo alipiga magoti mbele ya jiko la mtu anayeonywa, akapuliza hadi machozi yakamtoka, akasonga ugali wa kwanza maishani mwake. Ulikuwa na madonge makubwa kama mayai ya kanga. Yonazi aliumega, akautafuna, akautazama.

"Mzee," alisema, "huu malaika angeukana."

Mama Nakiete alicheka hadi akashika ukuta. Yonazi hakucheka, lakini aliumaliza. Akavuliwa koti, akalala. Alipoamka jua limepinda, hawakuwa wameondoka, na palikuwa na uji. Akanywa. Ndipo Mzee Kiangi akasogeza kigoda, akaketi chini kuliko kitanda, akauliza tena kwa sauti ambayo hakuna mbuzi angeikimbia.

"Unafanya nini hapa, Yonazi?"

"Nimebaki peke yangu," alisema Yonazi. "Nilimzika Naelijwa, nikawaongoza ninyi wimbo. Mimi nani aliniimbia?"

Mama Nakiete alianza wimbo ule wa kaburini, mzee akaudaka, na kwa mara ya kwanza Yonazi akamlilia mkewe.

Jumapili rimu ililia, kwa mapigo yasiyo sawa, maana mpigaji alikuwa Mzee Kiangi. Yonazi alikuja akaketi benchi la nyuma, akasikiliza. Hakuhubiri siku hiyo, wala msimu ule. Hakupona kwa siku moja. Nguvu zilirudi kama maji ya ndiva, tone kwa tone. Lakini tangu hapo, Ivundwe, wajumbe wa onyo hawakwenda tena mikono mitupu, na hakuna aliyeuliza swali kabla chungu hakijateremshwa.

Bibi Navoneiwa akapepeta ungo wake kwa mara ya mwisho. Tumsifu alikuwa akitazama mikono yake.

"Elisante anaishi na nani sasa, Bibi?"

"Nilidhani ninyi wenzake ndio mnajua."

Tumsifu akainama, akaufungua mtandio wake, akautandaza chini. "Tugawie hayo maharage. Lakini mimi sijui kupika vizuri."

"Mzee Kiangi naye hakujua," alisema Bibi, akimimina. "Eliya hakuhubiriwa, alipikiwa."